Sekta moja, vifaa vya kampuni mbili: nibaki na 802.11 (Wi-Fi) ya wazi au nihamie itifaki ya kufungwa?

mlingoti_wa_tatu:

Wakuu, naomba mawazo ya wanaoendesha mitandao ya wateja wa masafa marefu.

Sekta ni moja, antena ya digrii 90, GHz 5, chaneli ya 20 MHz. AP (redio ya mnarani inayowahudumia wateja) ni MikroTik ya kizazi cha 802.11n. Wateja wako 38: 24 wana MikroTik na 14 wana Ubiquiti za mfululizo wa M. Wa karibu yuko mita 800, wa mbali kilomita 9. Kwa ajili ya hao 14, AP inaendeshwa kwa 802.11 ya kawaida, si NV2, itifaki ya MikroTik yenyewe.

Asubuhi mambo shwari. Kuanzia saa moja jioni pingi (muda wa pakiti kwenda na kurudi) kutoka AP hadi kwa mteja inapanda kutoka 4 ms hadi 150, wakati mwingine 300, na jumla ya kinachopita kwenye sekta haijafika hata megabiti 25 kwa sekunde. Mawimbi yanafika AP kati ya -58 na -71 dBm (namba ikikaribia sifuri ndiyo nguvu zaidi), kelele iko -98. Chaneli nimeibadilisha mara tatu, hakuna tofauti.

Nasita kuhamia NV2 au airMAX ya Ubiquiti kwa sababu kila moja inanifunga kwa mtengenezaji mmoja. 802.11 angalau leo nanunua huyu, kesho yule. Je, kuna namna ya kuinyoosha 802.11 ikafanya kazi kwa wateja 38, au nakubali kufungwa?

---

fundi_masafa:

Mkuu, dalili ulizotoa zinatosha. Mawimbi mazuri, kelele iko chini, kasi ndogo, pingi inapanda watu wakirudi nyumbani: wateja wako wanagongana angani kwa sababu hawasikiani. Kubadilisha chaneli hakusaidii, maana wanaokuvuruga ni wako mwenyewe na unahama nao.

802.11 ilitungwa kwa vifaa vilivyo chumba kimoja. Kila kifaa husikiliza kwanza, kikikuta kimya kinarusha. Sasa dishi la mteja wako limeelekea mnarani na mgongo limewapa majirani. Aliye ukingo wa kushoto wa sekta hana jinsi ya kumsikia aliye kulia. Wote wanakuta kimya, wote wanarusha, AP inapokea vurugu na kila mmoja anarudia. Mchana wakiwa watatu wanne hewani hutaona kitu. Jioni wakifika ishirini, marudio yanazaa marudio.

Halafu kuna umbali. Mawimbi husafiri mita 300 kwa mikrosekunde moja, kwa hiyo kilomita 9 ni mikrosekunde 30 kwenda tu. Kipande cha kusubiri cha 802.11 kwenye GHz 5 ni mikrosekunde 9. Hata wateja wawili wangesikiana, mmoja ameshaanza kurusha na mwenzake bado anahesabu vipande vitatu vya ukimya ambao haupo.

Dawa ya kawaida ni kuweka umbali kwenye AP na kwa wateja ili subira ya jibu irefushwe. Ni lazima uifanye, vinginevyo AP inadhani jibu limepotea na kurudia fremu iliyofika salama. Ila ina gharama. Dereva za Linux, kwa mfano, huongeza mikrosekunde 3 kwenye kipande kwa kila mita 450. Kwa kilomita 9 hiyo ni 60, kipande kinatoka 9 kinakuwa 69. Kabla ya kurusha kifaa hubahatisha vipande vya kungoja kati ya 0 na 15, wastani ni 7.5, yaani zamani kilingoja mikrosekunde 67 na sasa kinangoja 517 kabla ya kila jaribio. Na anayengoja hivyo ni hata yule wa mita 800.

RTS/CTS ndiyo kitu kingine watakachokuambia. Kwenye MikroTik ni `hw-protection-mode=rts-cts` na `hw-protection-threshold=0`, ukiiweka kwa wateja. Mteja anaomba ruhusa, AP inajibu, na wote wanaoisikia AP wananyamaza. Wazo zuri, na kwa sekta ya wateja kumi inapunguza maumivu kweli. Piga hesabu ya kilomita 9 lakini: ombi kwa 6 Mb/s ni mikrosekunde 52, safari 30, pumziko 16, ruhusa 44, safari 30, pumziko 16. Jumla 188 kabla biti ya kwanza ya data haijatoka. Fremu yenyewe ya baiti 1500 kwa 65 Mb/s inachukua 185. Umelipa nauli sawa na mzigo. Fremu zikifungwa pamoja nauli inagawanyika, ni kweli, ila mizigo inayopanda kutoka kwa mteja mingi ni midogo midogo, vijibu vya TCP tu, na hapo hakuna cha kufunga pamoja. Na ombi lenyewe nalo linaweza kugongana.

TDMA (kurusha kwa zamu za muda) inaondoa bahati nasibu yote. AP inapima umbali wa kila mteja, inampa zamu yake, na kila mmoja anarusha mapema kiasi kwamba mawimbi yake yanafika AP kwa wakati. NV2, airMAX, ePMP ya Cambium, zote kiini chake ni hicho hicho. Tofauti ni jinsi ratiba inavyoandikwa, na ndiyo maana hazielewani.

Ushauri wangu: kwa wateja 38 na kilomita 9, 802.11 hainyooki. Wape NV2 hao 24, na 14 wa Ubiquiti wapate AP yao ya airMAX au wabadilishiwe vifaa.

---

nyaya_na_anga:

Fundi_masafa fizikia yake siibishii. Ninachobisha ni namna watu wanavyosema "kubali kufungwa" kama vile ni jambo dogo.

Kwanza mfano wa hapo hapo. NV2 haipo kwenye dereva mpya za MikroTik. Ukiweka kifurushi cha wifi-qcom au wifi-qcom-ac, NV2 na Nstreme (itifaki nyingine ya MikroTik) zote hazimo. Kifaa cha ac chenye chipu ya IPQ4019 kinakubali dereva zote mbili, ya zamani na mpya, kwa hiyo fundi asiyejua anaweza kuondoa kifurushi cha `wireless`, akaweka kipya kwa ajili ya kasi zaidi, na mteja asirudi tena hewani mpaka mtu apande paa. Tangu RouterOS 7.13 kifurushi cha `wireless` kimetengwa na kile kikuu, kwa hiyo kabla ya kusasisha kifaa cha mbali hakikisha umepakia faili zote mbili za toleo moja. Ikikosekana moja, umekata tawi ulilokalia.

Pili, kuna waliojaribu kuvunja ukuta. Cambium ilitoa ePMP Elevate, fimwea (programu ya ndani ya kifaa) unayoipakia kwenye vifaa vya M vya Ubiquiti vikawa wateja wa AP ya ePMP, leseni zikihesabiwa kwenye AP. Kiufundi ilikuwa rahisi kuielewa, chipu za ndani ni za ukoo mmoja na kilichotofautiana ni programu. Mwaka 2018 Ubiquiti iliwapeleka mahakamani kwa hilo. Kwa hiyo unaposema "vifaa ni vyangu, nitabadilisha programu", jua kuwa njia hiyo ina miiba.

Ila na mimi siuzi itifaki ya wazi kama dawa ya kila kitu. WiMAX, intaneti ya redio ya masafa marefu, ilikuwa ya wazi, 802.16 ya mwaka 2004 na 802.16e ya 2005, yenye ratiba ya zamu kamili, kila kitu tunachokilia leo. Soko likahamia LTE (4G ya simu) na watu wakabaki na vifaa visivyo na mrithi. Uwazi unakuhakikishia kwamba mwingine anaweza kutengeneza. Haukuhakikishii kwamba atatengeneza.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni: ukibadilisha mtengenezaji, ni vitu vingapi vitavunjika kwa pamoja? Itifaki ya hewani ni kisiwa cha sekta moja. AP moja na wateja wake wanakufa na kuzaliwa upya pamoja, sekta ya jirani haina habari. Kufungwa kunakouma kuko juu zaidi, mahali ambapo watu hawaangalii. Angalia RADIUS yako, seva inayowathibitisha wateja na kuwapangia huduma. Kama kasi za wateja zinapangwa kwa sifa ya `Mikrotik-Rate-Limit`, hiyo ni ya kampuni (namba 14988). Siku ukileta ruta ya PPPoE (inayoingiza wateja kwa jina na neno la siri) ya mtengenezaji mwingine, wateja wote wa minara yote wanaingia bila kikomo cha kasi, kwa sababu ruta mpya inaipuuza sifa isiyoijua wala hailalamiki. Kama minara imeunganishwa kwa EoIP (handaki la Ethernet juu ya IP), hiyo nayo ni ya MikroTik peke yake, mwenzake wa wazi ni VXLAN au L2TPv3. Kama ramani ya mtandao inategemea MNDP, njia ya MikroTik ya vifaa kutambuana, washa LLDP iliyo ya wazi.

Mtu anaogopa NV2 inayogusa wateja 38, na huku sifa moja ya RADIUS imemshika mkia kwa wote alionao.

---

mlingoti_wa_tatu:

Hiyo ya RADIUS imenigusa, nimeangalia na ndiyo ninayotumia. Itabidi nayo niipange.

Nimeshawishika kuhusu TDMA. Maswali yaliyobaki: nahamaje kutoka 802.11 hadi NV2 bila kupanda mapaa 24? Na hawa 14 wa M, nikiwafungia AP yao ya airMAX kwenye mlingoti huo huo, kuna tatizo? Wengi wao wako hali ya briji yenye WDS (inayopitisha moja kwa moja kompyuta zilizo nyuma ya kifaa).

---

kipimo_kwanza:

Kuhama bila kupanda paa kunawezekana, mpangilio ndio kila kitu. Wateja kwanza, AP mwisho.

Stesheni (kifaa cha upande wa mteja) ya MikroTik ukiiweka `nv2-nstreme-802.11`, inatafuta NV2 kwanza, isipoipata Nstreme, isipoipata 802.11. Kwa hiyo leo, AP ikiwa bado 802.11, kwa kila mteja unaandika:

`/interface wireless set wlan1 wireless-protocol=nv2-nstreme-802.11 nv2-security=enabled nv2-preshared-key=neno_lako`

Kiungo kitakatika sekunde chache na kurudi kwa 802.11 kama kawaida. Kosa la kwanza la wengi liko kwenye hilo neno la siri: NV2 haitumii WPA ya kwenye security-profile. Ina ulinzi wake. Ukisahau `nv2-security` upande mmoja, mteja hataunganika. Ukisahau pande zote mbili ataunganika vizuri sana na data itapita angani wazi.

Tumia Safe Mode unapogusa mteja wa mbali. Akirudi kabla kikao hakijakatika, unatoka Safe Mode na mabadiliko yanabaki. Asiporudi, kifaa kinajirudisha chenyewe baada ya dakika 9 hivi. Anza na mteja wa karibu, mmoja, umwone amerudi, ndipo uandike skripti kwa waliobaki. Wakati huo huo kagua `scan-list` yao (chaneli wanazotafuta) na `connect-list` (AP wanazoruhusiwa) kama ipo, ili siku ya kuhama AP isikute mteja amefungiwa chaneli nyingine.

Wote 24 wakiwa tayari, na wale 14 wakiwa wameshapata pa kwenda, subiri usiku wa manane ubadilishe AP:

`/interface wireless set wlan1 wireless-protocol=nv2 nv2-security=enabled nv2-preshared-key=neno_lako nv2-cell-radius=10 tdma-period-size=2`

`nv2-cell-radius` kiwandani huja 30. Wa mbali wako yuko kilomita 9 na kiwango cha chini kabisa ni 10, kwa hiyo 10 inakutosha. Ukiacha kubwa, AP inatenga muda wa wateja wasiokuwepo. Ukiweka ndogo kuliko umbali wa kweli, wa mbali wanaunganika na kudondoka na kwenye logi utasoma "ranging timeout". Ukiliona neno hilo, usihangaike na antena, ongeza namba hii.

`tdma-period-size` ya 2 ni milisekunde mbili. Ukipandisha hadi 4 kasi ya jumla inaongezeka kidogo na pingi ya kila mtu inapanda, kwa sababu kila pakiti inangoja zamu ndefu zaidi. Anza na 2. Usishtuke pingi ya alfajiri ikiwa juu kidogo kuliko ile ya 802.11 ya mteja mmoja hewani. Anayengoja foleni isiyo na watu bado anangoja. Tofauti utaiona jioni.

Tazama registration-table, orodha ya waliounganika. Wengi watarudi ndani ya dakika moja au mbili. Wawili wakikosekana, kwenye kifaa kingine fanya scan: AP ya NV2 inaonekana na herufi T. Kama T ipo na mteja haji, ni neno la siri au connect-list. Ikikushinda kabisa, rudisha AP kwenye 802.11 na wote watarudi, kwa sababu stesheni zako bado zinakubali zote tatu. Ndiyo sababu usiwaandikie wateja `nv2` peke yake mpaka wiki ipite.

Kuhusu hao 14. Stesheni ya M haina cha kuwasha wala kuzima. Inajiunga na AP ya airMAX au AP ya 802.11 a/n, yoyote itakayoikuta. NV2 haiioni kabisa, kwake ni kelele tu. Ukiwapa AP ya M yenye airMAX imewashwa, wabadilishie jina la mtandao na neno la siri kabla hujahamisha AP ya kwanza. WDS ikiwa pande zote mbili ni Ubiquiti haina shida.

Shida ya WDS ni pale vifaa vinapochanganyika. Fremu ya kawaida ya 802.11 kutoka kwa stesheni ina anwani tatu, hakuna nafasi ya anwani ya MAC ya kompyuta iliyo nyuma ya stesheni. Kila kampuni ilibuni njia yake ya kuipitisha. MikroTik ina `station-bridge` inayofanya kazi kwa AP za MikroTik tu. Kwa hiyo wakati wowote unapochanganya kampuni mbili hewani, weka kifaa cha mteja hali ya ruta, PPPoE ipigwe na kifaa chenyewe. Anwani tatu zinatosha na hakuna cha kubishaniwa. Kilio cha "DHCP inafika kwa kompyuta ya kwanza tu" karibu kila mara kimetokea hapa.

Na chaneli: ukitumia upana wa 10 MHz au masafa yasiyo ya kawaida kama 5185 badala ya 5180, kifaa cha kampuni nyingine huenda kisione kitu. Kwenye sekta mchanganyiko baki na 20 MHz na chaneli zenye namba, 36, 40, 44 na kuendelea.

Jambo la mwisho, ambalo hakuna itifaki inayolitibu. Tafuta wateja wanaoongea kwa kasi ndogo ya hewani. Kupeleka megabiti 10 kwa anayepokea kwa 130 Mb/s ni milisekunde 77. Kwa anayepokea kwa 13 Mb/s ni 770. Huyo mmoja anakula muda wa watu kumi, awe kwenye NV2, airMAX au kitu chochote. Kwa -71 dBm hali si mbaya, ila angalia kasi anayotumia kweli, si mawimbi peke yake. Mti ukiingia njiani mawimbi yanaweza kubaki vile vile na kasi ikaanguka.

---

fundi_masafa:

Naongezea kuhusu AP mbili mlingoti mmoja, maana hapo ndipo itifaki za kufungwa zinapokomoana.

802.11 ina adabu ya kusikiliza kabla ya kurusha. TDMA haina, ratiba ni yake, inarusha saa yake ikifika. Sasa chukua AP mbili kwenye nguzo moja. Moja inatoa 27 dBm. Tuseme antena zinakingana kwa 70 dB, ambayo si mbaya. Jirani anasikia 27 toa 70, yaani -43 dBm, na wakati huo huo anajaribu kumsikiliza mteja anayefika na -65. Hata chaneli zikiwa tofauti, sehemu ya nguvu ile inavuja pembeni na kipokezi kinazibwa masikio. AP zote mbili zinaonyesha kelele nzuri ukipima zikiwa zimetulia. Zikianza kazi, upande wa kupanda unaharibika na ule wa kushuka uko sawa. Ukiona hivyo, wateja wanapakua vizuri na kupakia hakuendi, mtuhumiwa wa kwanza ni jirani wa nguzo.

Tiba ya kweli ni AP zote kurusha kwa pamoja na kusikiliza kwa pamoja. Hapo ndipo GPS inapoingia: kila AP inapata mpigo wa sekunde kutoka angani na kuanza fremu kwa wakati mmoja. Haitoshi lakini. Urefu wa fremu lazima ulingane, na mgawanyo wa kushuka na kupanda lazima ulingane. ePMP kwa mfano ina migawanyo maalumu, 75/25, 50/50, 30/70. Sekta moja ikiwa 75/25 na ya nyuma yake 50/50, robo ya fremu moja inarusha mwenzake akiwa anasikiliza, na GPS yako haina kazi. NV2 ina namna yake ya `sync-master` na `sync-slave`, AP zinasikilizana hewani bila GPS, na inaelewana na NV2 tu. NV2 na airMAX haziwezi kupatanishwa. Hakuna saa ya pamoja, hakuna fremu ya pamoja.

Kwa hiyo ukifunga AP ya pili: itenge kimo, angalau mita moja hadi mbili wima, usiziweke ubavu kwa ubavu. Acha pengo la chaneli, si 5500 na 5520, weka hata 60 MHz na zaidi. Usitoe nguvu kuliko inayohitajika. Kama nguzo ni fupi na masafa ni machache, basi kubadilisha vifaa vya wale 14 ni rahisi kuliko kupigana na hili miaka miwili.

---

chaneli_tupu:

Swali la pembeni: mbona hamjagusa 802.11ax (Wi-Fi 6)? Ina OFDMA (chaneli moja hugawanywa kwa wateja kadhaa), AP ndiyo inayowapa wateja zamu, na ni ya wazi. Si ndiyo jibu la hii mada yote?

---

nyaya_na_anga:

Ndani ya jengo, ndiyo. Nje, kwa kilomita kadhaa, inakwama kwenye kitu kimoja kidogo.

Kwenye ax AP inatoa amri na wateja kadhaa wanajibu kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye kipande chake cha masafa. Ili AP iwasome pamoja, mawimbi yao lazima yafike karibu kwa wakati mmoja, tofauti ikiwa ndani ya kinga ya muda ambayo ndefu kabisa ni mikrosekunde 3.2. Mteja wa mbali anasikia amri akiwa amechelewa, na jibu lake linachelewa tena kurudi. Mikrosekunde 3.2 kwenda na kurudi ni tofauti ya mita 480 hivi. Yule wa mita 800 na yule wa kilomita 9 wanapishana kwa zaidi ya mikrosekunde 54. LTE inamwambia kila kifaa kirushe mapema kiasi fulani. Ax haina kipengele hicho. Wewe weka chipu ya ax kwenye mnara na bado utahitaji programu ya kampuni juu yake ili zamu zifanye kazi kwa masafa, na watengenezaji wanafanya hivyo hasa. Chipu ya wazi, ratiba ya kufungwa.

Ukitaka zamu na uwazi kwa pamoja, njia iliyopo ni LTE au 5G ya majumbani: kituo cha kampuni moja, kifaa cha mteja cha nyingine, kadi ya SIM katikati. Ila unajiletea kiini cha mtandao cha kuendesha na masafa ya leseni ya kutafuta. Kwa wateja 38 ni kuua mbu kwa rungu.

---

mlingoti_wa_tatu:

Nguzo yangu ina urefu wa mita 3 juu ya paa, kwa hiyo nafasi wima sina. Nitabadilisha vifaa vya wale 14 kuwa MikroTik, kisha nifuate mpangilio wa kipimo_kwanza. Nahifadhi hizo M kwa viungo vya nyumba kwa nyumba. Kebo na visanduku vya zamani vinavyopitisha umeme kwenye kebo ya mtandao (PoE) nitaviacha pale pale kwa wateja.

---

kipimo_kwanza:

Viungo vya watu wawili hapo M iko nyumbani kwake, na kwa wawili tu hata 802.11 bila airMAX inakwenda, ukiweka umbali sahihi.

Ila usiviache vile visanduku vya umeme bila kuvipima. Vingi vya M ni 24 V vya kulazimisha (vinatoa umeme bila kupima kwanza), chanya kwenye waya 4 na 5, hasi kwenye 7 na 8, na kifaa kipya nacho mara nyingi kinakubali hivyo. Lakini soma lebo ya kila kimoja, kwa sababu kuna watengenezaji waliogeuza chanya na hasi, na kuna visanduku vya 48 V vinavyofanana kabisa kwa sura. Vya 802.3af havina shida, vinapima kwanza kama upande wa pili kuna kipingamizi cha takriban kilo-omu 25 na visipokiona havitoi umeme. Kifaa cha 24 V kitakaa tu bila kuwaka. Cha 48 V cha kulazimisha hakiulizi. Chukua kipima umeme, chomeka kebo fupi iliyokatwa ncha, pima kati ya 4 na 7, andika namba kwa kalamu kwenye kisanduku, ndipo upande juu.